Mkono Ukipanda

Mtaa mzima unamwita Kitana, naye huitika. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho, na huko linalala usingizi wa pono. Ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya umeme na kibanda cha fundi viatu. Ndani mna viti vitatu, kioo chenye ufa, na kikaushio cha nywele kinachonguruma kama mzee anayekoroma. Wiki nzima vidole vyake viko vichwani mwa watu. Ikifika Jumamosi alasiri anafunga mlango, anavaa skafu yake ya rangi ya chungwa, anakwenda uwanja wa shule ya msingi kulea kikosi cha wasichana wa chama cha taifa cha skauti wa kike. Halipwi. Hajawahi kulipwa hata nauli.

Mumewe ni fundi redio, na kumchokoza mkewe ndiyo starehe yake.

"Mke wangu, watu hugombana pale wanapolipwa. Wewe unajitolea kazi, na ugomvi nao unautoa bure?"

"Anayelipwa ana cha kukatwa," Kitana humjibu. "Mimi watanikata nini? Kucha?"

Ugomvi wenyewe ulikuwa na Halmashauri ya chama. Chama kile kina maelfu ya wasichana, lakini kinaongozwa na watu wazima wanaoketi kwenye meza ndefu makao makuu. Katika meza hiyo kuna viti viwili vya wasichana, waliochaguliwa na wasichana wenzao. Viwili tu. Kwa miaka mingi waliovikalia waliwekwa pale kama maua ya plastiki: wanapendeza kwenye picha, hawanywi maji, hawaulizi swali.

Kisha akaja Kinanda.

Kinanda ni binti wa kidato cha tatu kutoka kikosi cha Kitana. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimgusa popote anatoa sauti. Kikao chake cha kwanza kwenye Halmashauri kiliikuta meza nzima ikibishana kama mshono wa bendera uwe wa dhahabu au mweupe, na ubishi huo ulikuwa umeshakula vikao vilivyotangulia. Kinanda akanyoosha kidole.

"Samahanini wazee wangu. Vyoo vya kambi vitawekewa milango lini?"

Hakuna aliyejua kama vyoo vya kambi havina milango. Wangejuaje? Wao walilala hotelini. Wasichana wa nchi nzima walikuwa wakienda haja kwa zamu, mmoja ndani, mwenzake nje ameshika shuka huku upepo ukimtania. Swali lile liliwaaibisha wakubwa, na aibu ikafanya kazi ambayo huruma ilishindwa kuifanya: milango ikawekwa. Ila rangi yake haijakauka, likatoka pendekezo kwa mkutano mkuu. Viti viwili vya wasichana vifutwe, "ili watoto wapate muda wa masomo."

Ajabu ya masomo! Kipindi wasichana wanakaa kimya pale mezani, masomo hayakuwahi kudhurika. Mmoja alipofungua mdomo, ghafla kila mtu akawa mwalimu.

Wiki chache kabla ya mkutano, Kinanda alikuwa ameketi saluni akisukwa. Uwanjani humwita Kitana "Mlezi", saluni humwita "Shangazi", na majina yote mawili yanamfaa.

"Shangazi, hivi nani alikubali mwenyekiti aongezewe muhula wa tatu?"

"Mkutano mkuu. Kwa kauli moja. Si ulikuwepo kama mjumbe wa tawi?"

"Nilikuwepo. Wewe ulikubali?"

Vidole vya Kitana vilisita katikati ya msuko. "Mimi? Siku ile nilikwenda nimejiandaa kupinga."

"Na mimi sikukubali. Sasa hiyo kauli moja ilitoka mdomo wa nani?"

"Usitikise kichwa, nitakupinda mstari. Mwenyekiti alisemaje vile?"

Hapa lazima nikueleze jambo, la sivyo hutaelewa kwa nini watu wawili wenye akili timamu walibaki wamekodoleana macho kwenye kioo. Katika chama kile, somo la kwanza kabisa, kabla ya wimbo na kabla ya ahadi, ni ishara ya ukimya. Kiongozi akiinua mkono wa kulia, kila anayeuona anainua wake na kufunga mdomo. Wadogo hufundishwa kwa kuimbishwa: mkono ukipanda, mdomo unashuka. Ni ishara nzuri. Ukumbi unaovuma kama mzinga wa nyuki hutulia kabla hujamaliza kupiga chafya. Na anayeendelea kuongea mkono ukiwa juu huonekana hana adabu, hana malezi, hana kwao.

"Ukumbi ulikuwa na kelele," Kinanda alisema taratibu. "Mwenyekiti akainua mkono. Na sisi sote tukainua. Tukanyamaza. Halafu yeye akasema..."

"'Wanaokubali,'" Kitana akamalizia, "'asanteni. Imepita.'"

Wakaangua kicheko. Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio, asiyesikia lolote, akashtuka akashika kichwa. "Nini? Naungua?"

"Huungui, dada. Tulioungua ni sisi."

Lakini kicheko cha Kitana kilikatika njiani. Alianza kurudi nyuma kimawazo. Sare mpya ambayo hakuna mama aliyeitaka. Kambi kuhamishiwa mbali na mto. Muhula wa tatu. Yote yalipita kwa kauli moja, na yote yalitanguliwa na mkono ule mmoja. Pengine aliyeanza hakukusudia ubaya. Ila kosa likishaanza kuzaa matunda, mwenye shamba haling'oi.

"Mwanangu," alisema, "miaka yote tulikuwa tunanyamaza, wenzetu wanatuhesabu."

Jioni hiyo aliwapigia simu walezi aliowafahamu. Baadhi walicheka, wengine wakaogopa. "Kitana, achana nayo," mmoja alimwambia. "Watatunyamazisha." Kitana akamjibu kwamba wameshanyamazishwa, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Simu zina miguu. Siku ya tatu Katibu wa chama alimpigia, sauti yake laini kama mafuta ya nazi.

"Dada yangu, skafu ni heshima. Usije ukaivua kwa mdomo wako mwenyewe."

"Katibu, mimi ndiye msusi. Sisukwi."

Mumewe, ambaye alikuwa amejikunyata juu ya redio iliyofunguliwa tumbo, aliinua macho. Safari hii hakutania. "Wakikunyang'anya kikosi utafanya nini Jumamosi?"

Nyumba yao haikujaliwa mtoto, na hilo hawakuwa na desturi ya kulizungumza. Jumamosi ndiyo siku ambayo watoto wengi humkimbilia kwa pamoja wakigombania kumshika mkono.

"Nitalia," Kitana alisema. "Lakini kama nitawafundisha kunyamaza ili niendelee kuwaona, nitakuwa nimewala mimi kabla ya Halmashauri."

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu. Viti vya plastiki vilipangwa mistari, feni moja ikizunguka kwa uvivu, kipaza sauti kikipiga mluzi kila kikisogezwa. Kila tawi lilileta mlezi mmoja na msichana mmoja, na kila mmoja wao ana kura. Kitana na Kinanda waliketi mstari wa kati. Walikuwa wamekubaliana jambo dogo tu: mkono wa mwenyekiti ukipanda, ya kwao ibaki mapajani.

Pendekezo likasomwa. Minong'ono ikapanda, kutoka mstari wa mbele hadi wa nyuma. Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya mnyororo na tabasamu la kukaribisha wageni, alisimama na kuinua mkono wa kulia.

Mikono ikapanda ukumbi mzima. Na huwezi kuamini: wa Kitana nao ukapanda! Hakuutuma. Ulijiinua wenyewe, kama mbwa anayemsikia bwana wake langoni. Alikuwa ameuinua hivyo tangu ana miaka saba, na mkono hausikilizi mikutano ya saluni.

Kinanda alimshika kiwiko akauvuta chini. "Mlezi," alinong'ona, "mkono!"

"Wanaokubali..." mwenyekiti alianza.

"Samahani, Mwenyekiti!"

Ilikuwa kama sahani imeanguka msibani. Vichwa vyote viligeuka. Msichana amesema, na mkono uko juu.

"Binti," mwenyekiti alisema, tabasamu likiwa limebaki mdomoni lakini limeondoka machoni, "huoni mkono uko juu?"

"Nauona, Mwenyekiti. Ndiyo maana nauliza. Ni wa kunyamaza au wa kukubali?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Katibu aliinuka nusu. "Nani mlezi wa mtoto huyu?"

"Mimi," Kitana alisema, akasimama. "Na swali lake ni swali langu. Kama mkono huu ni wa kunyamaza, basi bado hatujapiga kura. Kama ni wa kukubali, sisi hatujakubali. Naomba tupige kura kwa kusimama, kila mtu aonekane na miguu yake."

"Hatujawahi kufanya hivyo katika chama hiki," mwenyekiti alisema.

"Hata wateja wangu hawakuwa wamewahi kukaa kwenye kiti changu mpaka siku waliyokaa."

Mwenyekiti aliinua mkono wake juu zaidi, kama anayetafuta mtandao. Kwa kitambo mikono mingine ilibaki hewani pamoja naye, na Kitana aliamini wameshindwa. Kisha mlezi mmoja mzee wa mstari wa nyuma, mkunga mstaafu ambaye alivaa skafu ile kabla mwenyekiti hajaota meno ya utu uzima, akaongea bila kusimama.

"Wajukuu zangu, mimi hoja ya msusi naiunga mkono. Ila mkono wenyewe naushusha, umeniuma."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mikono ikaanza kushuka, mmoja huku, miwili kule, kama nguo zinazoanuliwa mvua ikinyesha, hadi ukabaki mmoja tu jukwaani. Mwenye nao akautazama, akautia mfukoni.

"Haya," alisema. "Wanaokubali viti vifutwe, wasimame."

Meza kuu ilisimama. Wakasimama na walezi wachache wa mbele, wakiangaliana. Kisha ukaja mwito wa wanaokataa, na sauti ya viti vya plastiki vikikwaruza sakafu kwa pamoja ilimeza mluzi wa kipaza sauti. Walisimama walezi, wakasimama wasichana, wengine wakapanda juu ya viti waonekane. Hakukuwa na haja ya kuhesabu, lakini Kinanda alisisitiza wahesabiwe, na wakahesabiwa.

Viti vikabaki.

Yapo mengine yaliyobaki pia. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Sare bado ni mbaya. Na Jumatano iliyofuata, Kitana akiwa na povu la shampuu hadi viwikoni, simu ililia, mteja akamshikia sikioni. Alikuwa Katibu, na mafuta ya nazi yamemwishia.

"Halmashauri imeamua. Kwa utovu wa nidhamu, urudishe skafu."

Saluni ilikuwa kimya. Hata kikaushio kilikuwa kimezimwa. Mteja alisikia kila neno, na macho yake kwenye kioo yalikuwa yakimwomba Kitana asilie. Hakulia.

"Waliamua vipi?" aliuliza. "Kwa mkono?"

"Urudishe skafu," Katibu alirudia.

"Basi skafu njoo uichukue wewe mwenyewe, baba. Ila njoo Jumamosi, uwanjani, kikosi kikiwa kimejaa. Uwaambie wasichana sababu, halafu wao waamue. Kwa kusimama."

Jumamosi ilifika. Kitana alifunga saluni, akavaa skafu ya rangi ya chungwa, akaenda uwanjani. Wasichana walikuja wote, hata wenye mafua, wakapanga mistari wakitazama lango. Wakasubiri. Aliyepita langoni ni mbuzi wa jirani tu.

Kelele zilipozidi, Kitana aliinua mkono wa kulia. Mdogo kuliko wote, mwenye pengo la meno mbele, alimtazama bila kuinua wake.

"Mlezi, huo ni wa nini?"

"Wa kunyamaza, mwanangu. Wa kunyamaza tu."

"Haya," mtoto alisema, ndipo akainua.