Don Casimiro na Bomba Lililonyweshwa Bia

Mjomba wangu Don Casimiro Huarachi amepiga mihuri miaka ishirini na miwili katika ofisi ya vizazi na vifo, na kazi hiyo imemharibu. Kwake mtoto hajazaliwa mpaka yeye agonge, na marehemu hufa kwa ruhusa yake. Ukikaa miaka yote hiyo unagonga tu na mambo yanakuwa, utarudi nyumbani ukiamini dunia nzima ndivyo ilivyo: unatamka, unagonga, imekwisha.

Ndiyo maana bomba la jikoni kwake lilivuja miezi minane, huku likiwa limeshatengenezwa mara sita.

Mara ya kwanza alikata kampira kutoka kwenye soli ya kiatu chake cha zamani, akakapachika, akafuta mikono kwa madaha. "Hiyo imekwisha," akasema. Bomba likamjibu: to. Mara ya pili akatumia kizibo cha chupa. Mara ya tatu akalifunga kitambaa, maji yakaacha kudondoka mahali pamoja yakaanza kudondoka mahali patatu, na mjomba akatueleza kwamba hayo ni maendeleo, kwa kuwa sasa presha imegawanyika. Hatukucheka. Kila mtu bado alikuwa na supu kwenye bakuli.

Na supu haikuwa yake, ilikuwa ya mkewe, Doña Eusebia. Mama huyu hupika chakula cha mchana hapo nyumbani na kuwauzia mafundi cherehani wa mtaa wetu, watu kama ishirini. Supu yenyewe ni ya viazi vikavu, vile vyeusi vilivyogandishwa kwa baridi, na viazi hivyo ni walevi wa maji: uviloweke, uvikamue, uvioshe, uvioshe tena. Kila asubuhi Eusebia aliyafanya hayo yote kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia kitambaa cha mumewe kisitumbukie sufuriani.

"Casimiro, niite fundi?"

"Fundi wa nini? Kwani mimi humu ndani ni picha ya ukutani?"

"Nicanor yuko hapo kona tu."

Akitajiwa jina hilo mjomba hupauka kama karatasi aliyosahau kuigonga. Nicanor ndiye fundi bomba pekee mtaani kwetu, na ndiye aliyekuwa amwoe Eusebia. Wazee wa pande zote walikuwa wameshaketi, wameshatafuna majani ya koka pamoja, wameshaelewana. Kisha Eusebia akamwona Casimiro akicheza ngoma kwenye sikukuu ya Kanivali, enzi hizo ana kiuno, akageuza shauri. Miaka ishirini na sita imepita. Nicanor ameoa, amefiwa, ameota kitambi. Lakini mjomba aliapa kwamba siku mtu huyo atakapokanyaga jikoni kwake na spana mkononi, ndoa yake imekufa, na cheti cha kifo hicho hatakigonga. Heri nyumba ielee.

Jumatatu ya Kanivali Eusebia akachoka.

"Nisikilize vizuri, wewe mwanaume. Alhamisi wateja wangu wanarudi. Kesho jioni bomba hilo likiwa bado linalia, Jumatano asubuhi Nicanor anaingia humu. Na nitamkaangia mayai."

Fundi angeweza kuvumilika. Mayai yalimchoma.

Jumanne kabla ya saa nne mjomba alikuwa ametoka sokoni na bomba jipya, linang'aa kama jino la dhahabu. Akafunga koki kuu, akaling'oa lile la zamani na kipande cha ukuta kwa hisani, likabaki tundu la paipu linatukodolea macho. Kufikia hapo, nakiri, kazi ilikuwa nzuri. Angelifunga bomba lake saa ileile, nisingekuwa na habari ya kuandika.

Lakini ilikuwa Jumanne ya Kanivali, na hapa El Alto, mji wetu wa milimani, siku hiyo kila nyumba inafanya ch'alla: Mama Ardhi ananyweshwa, na kila kitu cha maana kinapambwa kwa riboni za karatasi, kinamwagiwa bia na vipande vidogo vya karatasi za rangi, ili mwaka uwe wa neema. Pembe nne za nyumba zinapata. Jiko linapata. Mizani inapata. Mjomba ana muhuri wa akiba nyumbani, nao hupata bia kuliko sisi wageni.

"Kitu kipya hakifungwi kikavu," akatangaza. "Ni mkosi."

"Kifunge kwanza, ukinyweshe baadaye," akasema Eusebia.

"Mama, kitu kikishafungwa unanywesha nje tu. Mimi nataka ndani."

Akalivisha bomba riboni ya njano. Akalimwagia bia. Kisha akaligeukia lile tundu la paipu, macho yamelegea kwa uchaji, na labda kwa chupa mbili alizokwisha kunywa, akalitia konzi ya karatasi za rangi. Konzi ya pili. Akazisukuma kwa kidole, maana tundu halikuonekana kushukuru vya kutosha. Juu yake akaongeza peremende tatu, "ili maji yasiwe machungu kwetu," na kifuniko kimoja cha pombe kali. Ndipo akafunga bomba lake, tepu nyeupe na kila kitu, kwa ustadi kabisa, akafungua koki kuu.

Bomba likakoroma. Likatema mate ya waridi. Likatoa uzi wa maji mwembamba kama chozi la mnafiki, kisha kimya.

"Linavuja?" akauliza mjomba kwa ushindi. "Halivuji!"

"Wala halitoi maji, Casimiro."

"Hilo si bomba, hiyo ni presha. Mji mzima hauna maji leo. Ni Kanivali, mama, watu wa maji wamelewa."

Akatoka nje akathibitishe kwa majirani. Tulimsikia akisema "samahani, jirani," kisha mlio wa puto la maji kupasuka, kisha ndoo nzima. Kanivali ndivyo ilivyo, mtaa mzima unarushiana maji tangu asubuhi. Akarudi ameloa mpaka soksi, maji yanamchuruzika kwenye masharubu.

"Vipi?" akauliza mkewe. "Umewauliza?"

"Wanayo kidogo," akasema mjomba.

Jumatano asubuhi Nicanor akaja. Eusebia alikuwa amevaa herini zake kubwa, na mayai mawili yalikuwa mezani, bado mazima, kama mashahidi. Mjomba alisimama mlangoni mwa jikoni amekunja mikono, na fundi ikabidi apite ubavu ubavu. Hawakusalimiana. Nicanor akafungua bomba, akaligonga kwenye sinki mara mbili. Likatoka donge la karatasi za rangi, limelowa, kubwa kama kidole gumba. Akalirudia. Ikatoka peremende.

Akaiinua kwenye mwanga, akaitazama.

"Nani kainywesha hii paipu?"

Mimi nikaangalia dari. Mjomba akazidi kuikunja mikono yake.

"Mume wangu," akasema Eusebia, taratibu, kila silabi kaipaka asali.

Nicanor akavua kofia.

"Don Casimiro," akasema, "miaka thelathini naingia majikoni mwa watu. Wananywesha televisheni. Wananywesha friji. Paipu, inayowaletea uhai, hakuna anayeikumbuka. Nimewaambia mpaka nimechoka, wananiona mwehu."

"Si ndiyo!" mjomba akapaza sauti. "Si ndiyo nilichomwambia huyu? Ndani, nikamwambia, siyo nje!"

"Ndani kabisa, ndugu yangu. Ulichokosea ni kipimo. Karatasi kidogo, bia nyingi."

"Bia nyingi," akarudia mjomba, kama anayepokea hati.

Fundi akavutiwa kiti. Bomba likafungwa kwa dakika nne, maji yakaja kwa kishindo, hakuna aliyeyatazama. Saa tano walikuwa kwenye chupa ya tatu, wamechora ramani ya paipu zote za nyumba juu ya kitambaa cha meza cha Eusebia. Saa sita Nicanor akasimama na spana ili alifungue bomba upya, ch'alla irudiwe kwa kipimo sahihi.

"Liacheni! Linatoa maji!" akapiga kelele Eusebia.

"Tulia, Eusebia," wakasema, wote wawili, kwa sauti moja.

Akawatazama kwa zamu, huyu, kisha yule, kisha huyu tena. Mama huyu alikuwa ameishi miaka ishirini na sita akiamini kwamba siku ile ya ngoma alichagua kati ya wanaume wawili tofauti. Akavua herini moja, akavua ya pili, akayarudisha mayai kabatini.

"Don Nicanor, ahsante, kazi imekwisha. Nenda nyumbani."

"Aende wapi?" akasema mjomba, amemshika fundi bega. "Bafu bado hatujaliona."