Walituoshea gari likang'aa, breki wakaziacha vilevile

Wakuu, heshima kwenu. Mimi humu ni msomaji tu, kuandika naona aibu, mambo yangu huwa yanaishia kwenye diary. Ila hili limenikaa kooni. Naandika lilivyotokea, chumvi siweki.

Niko Form Three, tunaishi Gare huku Lushoto. Mama ana pickup, anabeba karoti na kabichi kupeleka Mombo. Baba yuko kazini Mtwara, kwa hiyo gari ni la Mama na dereva ni Mama.

Alilinunua showroom moja Tanga mjini, jina nawahifadhia. Sharti lao: service zote kwao. Ukigusa mwenyewe hata nati moja, warranty imekufa.

Hapo ndipo panaponiuma. Mama anajua gari! Babu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai, Mama amekua akimshikia spana. Brake pad anabadilisha wakati maharage yako jikoni. Lakini akatii sharti.

Likizo hii breki zikaanza kulia. Tukashuka nalo polepole mpaka Tanga. Tukakalishwa kwenye makochi, AC, TV. Jamaa wa service akaja anatabasamu.

"Mama, brake pad za mbele mpya kabisa. Shuka hata na mzigo wa mawe."

Gari limeoshwa, rim zinang'aa, ndani linanukia. Mama akacheka, "Hili sasa la kubebea maharusi."

Mnaojua njia yetu, Tanga mpaka Mombo ni tambarare, na kutoka Mombo kuja nyumbani ni kupanda tu. Breki hazikupata kazi. Tukafika, tukalala tukiamini tuko salama.

Siku ya soko tukapakia karoti, nikakaa mbele na Mama. Kwenye kona za chini ya Soni tukasikia chuma kinasaga chuma. Mama akakanyaga breki, gari likaendelea tu kwenda. Kushoto mlima, kulia korongo.

"Mama!"

"Nyamaza, shika mkanda."

Akarudisha gia ya pili, ya kwanza, akavuta handbrake, akalisugua gari ubavu kwenye mlima mpaka likasimama. Karoti zikamwagika barabarani.

Tukaweka mawe mbele ya matairi. Akafungua tairi.

Wakuu, ndani kulikuwa na matope ya kwetu. Mekundu, makavu, yameziba nati za breki mpaka huoni pa kuingiza spana, na majani ya mpaina wa uani kwetu yamegandia humohumo. Mvua zilikatika kabla hatujaenda Tanga. Mkono wa mtu haukupita pale! Pad zimeisha, limebaki bati.

Mama akampigia yule jamaa, akaweka loudspeaker.

"Kwanza nani kafungua tairi? Hapo warranty imekufa, mama. Mzee yupo niongee naye?"

"Mzee ndiyo mimi."

"Hapana, namaanisha baba mwenye gari."

Mama akaiweka simu juu ya boneti, akageukia tairi. Nikachukua simu. Mimi, ambaye hata chipsi naogopa kuagiza.

Nikaanza na shikamoo. Huku kwetu mtu mzima humsemi kabla hujamwamkia, hata awe amekufanya nini.

"Marahaba."

"Matope ya nyumbani kwetu yamo ndani ya tairi. Mlibadilisha nini?"

"Binti, mrudishie mama simu. Haya mambo ya wakubwa."

Akakata. Hakuuliza kama tuko wazima. Hakuuliza!

Nikapanda bodaboda mpaka Soni, nikaleta pad mpya. Mama akazifunga palepale kando ya barabara, mimi nikimshikia spana kama yeye alivyomshikia Babu. Mombo tulifika wanunuzi wameshaondoka, lakini tulifika.

Sisemi showroom zote ziko hivyo. Ila kama nyumbani kuna mtu anayejua kazi, karatasi ya warranty isimfunge mikono. Na ukiamua kuwalipa, usikae kwenye kochi. Simama pale tairi linapofunguliwa.

Yaliyowakuta nyie yawekeni hapa. Na anayejua pa kupeleka malalamiko haya atuelekeze, Mama hajaliacha.

Na wewe wa "marahaba", kama unapita humu: ile shikamoo yangu naomba uirudishe.