Jina Nililolitajia Sikio

Nikiwa na miaka tisa nilimshitaki mtu kwa ukuta, na yule mtu akaisha. Najua mnacheka. Chekeni tu.

Ukuta wenyewe uko ufukoni mwa ziwa, mwendo wa basi moja kutoka kwetu Mengo. Wazungu waliujenga wakati wa vita vyao vikuu: saruji tupu, mrefu kuliko nyumba, umebonyea katikati kama bakuli lililosimamishwa, ili askari asikie ndege ya adui kabla haijaonekana. Vita vikaisha, ukuta ukabaki. Sisi Wanubi tukauita Sikio. Ilisemekana ukilitajia jina la dhalimu pamoja na jina la mama yake, hamalizi mwezi. Ila anayetaja awe mtoto, ambaye ulimi wake haujazoea uongo.

Dhalimu wetu alikuwa Sajini Juma, jirani. Mfungo mzima alifuturu kwetu. Idi ilipopita alikuja na gari na wenzake wawili, akamwambia baba yangu, “Kaka Asumani, twende tuongee dakika tano.” Baba hakurudi, na hatukujua yu hai au amekufa. Nilimchukia Juma hata chakula kikanishinda.

Habuba, yaani bibi yangu mzaa baba, alinipeleka kwenye Sikio mchana kweupe. Akanisukuma katikati ya lile bakuli.

“Unamwogopa?”

“Simwogopi, Habuba.”

“Basi sema, usimung'unye!”

“Juma mwana wa Zainabu!” nilipiga kelele. Saruji ikanirudishia jina kubwa kuliko nilivyolitoa. Wallahi, nilisikia utamu. Aliniagiza mara tatu, mimi nikataja mara saba.

Wiki ya pili yake, Juma naye alikamatwa na wenzake wale wale, wakamtia kwenye buti ya gari. Habuba akapika pilau. Tulikula mlango wazi makusudi, harufu iwafikie wa nyumba ya pili, kwa kina Juma.

Tukiwa bado tunakula, Zainabu, mama yake Juma, akaingia bila viatu. Hatukumpa kiti.

“Mama Asumani,” alisema, “Juma alijua mwanao alikozikwa. Alikuwa awapeleke Ijumaa hii mkamchukue. Waliochimba na yeye wote wameshauawa. Mimi sipajui, dada yangu. Sipajui kabisa.”

Habuba alisukuma sahani, akalia mbele ya yule mwanamke, na Zainabu naye akalia.

Leo mimi ni mtu mzima. Najua utawala wa wanajeshi wa enzi zile uliwala hata watu wake, na Juma wangemchukua tu, nitaje nisitaje. Mwaka jana nilikwenda kuuona ule ukuta. Mbuzi wanalala humo. Nilijaribu kujuta, nikashindwa. Nikimfikiria Juma ndani ya buti, moyo wangu bado hutulia. Lakini kila Idi, majirani wakienda kuzuru makaburi, sisi hubaki nyumbani, na wanangu wakiniuliza babu yao kalazwa wapi, mimi ndiye ninayewajibu kwamba sijui.