Nilipaka rimu za baba mkwe spreyi juu ya mafuta ya alizeti, yaliyonikuta bado yananichosha

Wakuu, poleni na majukumu. Nimechoka mwili na roho, ila nitaeleza kama ilivyokuwa, hata sehemu zinazoniaibisha.

Nakaa Iguguno, jirani na wakwe zangu. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, ana gari dogo la zamani. Kama siku kumi zilizopita alisafiri kwenda Manyoni, akaniachia ufunguo. Mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

Aliniagiza kitu kimoja tu: mama mkwe anaumwa magoti, kila Jumatano nimpeleke hospitali.

Sasa kiherehere changu.

Rimu zilikuwa zimechakaa, nikasema nimfanyie mzee surprise. Nikanunua spreyi ya silver, nikaosha rimu kwa sabuni ya unga, zikakauka, nikapuliza.

Watu wa huku mshaliona kosa.

Kwetu yale mafuta ya alizeti yanayobaki chini ya dumu hayamwagwi. Unachovya kitambaa, unafuta matairi na rimu, gari linang'aa kwenda kanisani. Mzee kafanya hivyo miaka yote. Mafuta yakizoea pale yanaganda, sabuni ya unga haiyatoi ng'o.

Asubuhi rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa. Kwingine imechuruzika, kwingine vumbi limeganda. Nikagusa kwa kucha, ikabanduka.

Jumanne nikapandisha gari juu ya mawe, nikatoa matairi yote manne.

Wakuu, kutoa rangi mbaya ni kazi kuliko kupaka. Thina, msasa, maji ya moto na sabuni ya vyombo, thina tena. Nikapanga karata kati ya tairi na rimu ili rangi isiguse mpira. Praima, ile rangi ya kwanza ya chini, subiri ikauke, rangi nyepesi, subiri tena. Na upepo wetu huu! Kila nikipuliza, vumbi hilo. Rimu moja nilirudia mara tatu, nikakaribia kulia.

Jumatano ikanikuta gari liko juu ya mawe.

Mama mkwe akatoka kajifunga kitenge chake, tayari kwa safari. Nikaanza kujieleza, akanikatisha.

"Usihangaike baba, nitapanda bodaboda."

Nikamwitia bodaboda. Na ukweli mchungu, wakuu, nilifurahi. Nilipata siku nzima ya kupiga msasa.

Jioni alirudi anashika ukuta. Nikampa pole, nikarudi kwenye rimu zangu.

Ijumaa mzee akashuka kwenye basi bila taarifa. Rimu tatu zilikuwa tayari, ya nne mbichi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akazunguka gari taratibu, akapitisha kidole kwenye rimu iliyokauka. Zilikuwa zimetoka vizuri, sidanganyi. Nikamweleza yote: mafuta, spreyi, thina, msasa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akauliza, "Jumatano mama yako alikwenda na nini?"

Nikasema bodaboda.

Hakunigombeza. Aliingia ndani kwa mkewe, akafunga mlango. Bora angenitukana.

Jumamosi nikarudisha matairi, nikakaza nati, nikauweka ufunguo mezani kwake. Hakuuomba, lakini pia hakuniambia nibaki nao.

Mke wangu anasema baba yake atapoa tu. Mimi naona aibu hata kupita nje ya kwake.

Somo la rimu: toa mafuta yote kwanza kwa thina, usiwe na haraka, na usipulize siku ya upepo. Lingine ni langu mwenyewe. Mzee aliniachia gari kwa sababu ya magoti ya mama, mimi nikaona rimu.

Kesho ni Jumatano tena. Wenye wakwe nishaurini, nasoma comments zote: niende asubuhi nikapige hodi niuombe ufunguo, au nikae kimya nisikilize bodaboda ikija kumchukua?