Sauti ya Mke Wangu kwa Betri ya Lori

Mjukuu wangu anapiga muziki kwa kompyuta. Anaiweka mezani, pembeni kuna kinanda kidogo chenye waya, anabonyeza, basi ngoma zinalia bila mpigaji na waitikiaji wanaitikia bila kuwepo. Vijana wanashangilia. Mimi sishangai. Miaka ya sabini, pale Iyunga, Mbeya, nilipanda jukwaani na mwimbaji ambaye hayupo, na sikufundishwa na mtu. Shule niliachia darasa la pili. Amplifaya niliunda mwenyewe kwa redio mbovu, na boksi la spika nililigonga misumari kwa mkono huu.

Mwimbaji huyo alikuwa mke wangu, Mhehe wa Idodi. Mimba ilipokuwa kubwa hakuweza tena kudandia malori kutufuata kwenye madansi. Nikamrekodi nyumbani kwenye kaseti, sauti yake tupu, na kiberiti anachokitikisa mkononi kushika mwendo. Ukumbini tunawasha redio kaseti, sauti inapita kwenye amplifaya, sisi wenye magitaa tunamfuata. Watu wanachungulia nyuma ya pazia: "Yuko wapi huyo mama?" Kabla hajaanza kuimba alikuwa amesema, "Haya, anzeni basi. Mnaniangalia nini?" Sikufuta. Kila dansi watu walicheka hapo.

Akafa akijifungua. Mtoto naye hakukaa.

Tulimzika kwao. Ilipokaribia siku ya kuondoa tanga, mama mkwe akatuma salamu Mbeya niende na bendi. Yule mama hakuwahi kumsikia mwanawe akiimba na magitaa. Dansi kwake lilikuwa uhuni. Sasa alitaka amsikie, mara moja tu. Tukafunga vyombo kwenye lori, tukapita Igawa, tukapita Iringa, mpaka Idodi. Umeme hakuna. Tegemeo letu betri ya lori, hiyohiyo kwa amplifaya, hiyohiyo kwa redio kaseti, maana betri za tochi siku hizo zilikuwa zimeadimika madukani.

Kwao mkwe hakai karibu na mama mkwe wala hamjibu uso kwa uso. Maneno yanapitia kwa mtu. Siku hiyo mtu mwenyewe alikuwa mtani wao, mama wa Kigogo mwenye mdomo, na msibani mtani husema anachotaka na hakuna wa kukasirika. Akanijia. "Mama anasema nyimbo zenu nyinyi wanaume zitangulie. Mwanawe ndiye mwenye shughuli, atafunga."

Mimi betri naijua. Nikamwambia, "Mwambie mama tuanze na mwanawe. Betri itachoka."

Akawageukia watu, akapaza sauti: "Jamani, mkwe kachoka, anasingizia betri!"

Uwanja mzima ukacheka. Likaisha hapo. Ningefanya nini, nisimame mbele ya mama mkwe nibishane? Tukapiga zetu mchana kutwa, mimi jicho kwenye betri.

Jua lilipoanza kushuka nikawasha kaseti. "Haya, anzeni basi. Mnaniangalia nini?" Dada zake wakapiga yowe. Mama mkwe alikuwa mkekani, amenipa mgongo. Nikaona kichwa chake kimeinuka. Tukaanza. Ubeti wa kwanza alikuwa yeye kabisa, hata ile pumzi anayoivuta kabla ya kupanda juu. Ubeti wa pili nikasikia gitaa langu limempita. Halikupanda. Yeye ndiye aliyekuwa anashuka, kaseti inazunguka kwa uchovu wa betri. Nikalegeza nyuzi huku napiga, wenzangu wakalegeza, tukamfuata chini. Sauti ikawa nzito, ikawa ya mwanamume. Mtani akaruka katikati akicheza kwa kutunisha mabega: "Huko alikokwenda wamempa ndevu!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ndiyo desturi. Kisha akawa kama mtu anayesinzia. Neno moja likavutika, likavutika, halikufika mwisho. Kiberiti kikanyamaza.

Mama mkwe akageuka. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe.

"Baba, washa tena."

Nikamjibu mwenyewe. "Imekwisha, mama."

Betri niliichaji Iringa mjini, nikarudi nayo Idodi peke yangu. Hakutaka. Aliongea kupitia yule mtani, na safari hii mtani hakutania. "Anasema mara ya kwanza mlimzika nyinyi. Mara ya pili amemsikia mwenyewe akizama. Ya tatu hataiweza. Ila kaseti umwachie."

Nikaiacha. Akaifunga kwenye pindo la kanga.

Sasa mjukuu ananiambia, "Babu, ningeipata hiyo kaseti, kompyuta ingeirudisha sauti yake ilivyokuwa." Najua. Mama mkwe alishakufa zamani, na aliiweka wapi sikuuliza. Mkwe haulizi. Nilioa tena, nikazaa, nikajenga. Lakini nikikaa kimya nimtafute akiimba, inayokuja ni ile sauti ya mwisho. Hata "mnaniangalia nini" inakuja nzito, polepole. Ile yake mwenyewe siipati.