Ukili Darasani

Diploma yangu niliipata kwa jasho langu. Nilifua nazi za watu Msambweni tangu utotoni, nikajilipia shule, nikavuka bahari, na niliporudi miaka ile ya hamsini hapakuwa na mwalimu upande wetu wa Kwale mwenye karatasi kama ile. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Haikunisaidia kitu.

Darasani mwangu walikuwamo wasichana watano. Mmoja alishindwa kabisa na hesabu za ubaoni. Ukimwandikia nne na sita, ukamwuliza namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, alitazama sakafu mpaka kengele ilie. Bibi yake alimtaka abaki nyumbani asuke mikeka. Baba yake, mkulima wa minazi, alikuwa amekataa, lakini kwa sharti: mwaka mmoja tu, aone faida ya shule.

Basi nikaleta miyaa, yale majani makavu ya kusukia, iliyotiwa rangi. Nikawaambia wasuke ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Nyekundu irudi kila mwaa wa nne, nyeusi kila wa sita.

"Mwalimu, leo tumekuwa mabibi?" wavulana wakacheka.

Yule msichana hakucheka. Kabla hajaanza kusuka alisema, "Zitakutana kwenye wa kumi na mbili. Kisha wa ishirini na nne."

Tangu siku ile ubao haukumtisha tena. Wiki ya tatu yeye ndiye aliyewaelekeza wavulana. Nilijiona bingwa, na nilikuwa bingwa.

Jumatatu moja baba yake akaingia darasani na kipande cha ukili mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Huu mwanangu kautoa wapi?"

"Hapa. Ni hesabu hiyo."

"Hesabu! Kumbe ulipanda meli ukaenda Ulaya kusomea mikeka? Ungesema mapema, mama yangu angekufundisha hapa hapa, na wali ungekula."

Darasa zima likaangua kicheko. Chaki nilikuwa nayo mkononi. Ningemwita binti yake ubaoni afanye hesabu moja tu, mambo yangeisha. Lakini kile kicheko kilinichoma.

"Mzee," nikasema, "wewe hata jina lako huwezi kuliandika. Utanifundisha mimi kazi yangu?"

Yule mzee alimgeukia binti yake, akasema taratibu, "Inuka, mama, twende."

Msichana alikifuta kibao chake cha kuandikia, akakiweka juu ya dawati, akamfuata. Mwezi haukuisha, wale wanne wengine nao wakaondolewa. Habari ilikuwa imeenea kwamba shuleni ni kusuka tu na kutukana wazee.

Siku moja nilikwenda kwao kuomba radhi. Nilivaa kanzu safi, njia nzima nikiyapanga maneno. Yule mzee alinikaribisha vizuri, akanitilia kahawa kwa mkono wake, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akanitazama, akinipa nafasi niseme.

Nikaanza kumweleza theluji inavyoanguka. Nikamweleza treni zinazopita chini ya ardhi, na chuo changu, na mitihani niliyowashinda Wazungu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka adhuhuri, akasema, "Mashaallah, mwalimu." Adhana ikalia, tukaondoka kwenda kuswali.

Neno la radhi sikulitoa. Sijalitoa mpaka leo, na yeye tumekwisha kumzika.