Tuseme Ni Mvua

Katika nyumba yetu ya Cibitoke, neno "tuseme" lilikuwa la watoto. Tuseme mimi ni mama, tuseme kopo hili ni sufuria, na mchezo ukaanza. Binti yangu mkubwa, wa miaka tisa, alikuwa hodari wa tuseme. Aliwapikia watoto wa jirani bugari ya udongo, ndiyo ugali wetu, kwa sombe ya majani yoyote aliyoyaokota badala ya kisamvu, na wote wakala huku wakiramba vidole. Mdogo wake, wa miaka sita, alipewa tonge lake, akalichunguza, akasema, "Hii ni udongo." Karamu ikaishia hapo.

Hakuwa na ubaya. Kwake udongo ulikuwa udongo. Siku hizi hali yake ina jina, usonji, na wapo wanaoweza kukueleza kwa nini michezo ya kujifanya huwapa shida watoto kama yeye. Wakati ule mimi nilikuwa na cherehani, watoto wawili na vita, na jina hilo sikuwahi kulisikia. Nilijua tu kwamba anaweza kukaa asubuhi nzima akipanga vifungo vyangu kwa idadi ya matundu, wala si kwa rangi, na ukimhamishia kimoja atalia mpaka ukirudishe.

Mwalimu wa chekechea alikaa naye wiki mbili, akanirudishia. Alisema mtoto asiyejua kucheza hafundishiki, nimlete atakapojua. Nina mdomo, sikatai. Nilimwambia kila ndege huruka kwa ubawa wake, na mengine nisiyoyaandika hapa. Lakini nyumbani nililia. Tangu siku hiyo nilitamani kitu kimoja tu, kumsikia mtoto wangu akisema tuseme. Nilimfundisha kwa kikombe kitupu: tuseme hii ni chai. Alikipindua, akanionyesha kwamba hakuna chai, tena kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa na akili.

Alasiri moja risasi zikaanza upande wa Carama, mtaa wa jirani. Desturi yetu ilikuwa kulala chini ukumbini, katikati ya kuta mbili, nasi tukalala. Yule mkubwa alitetemeka mpaka meno yakagongana. Nikamvuta kifuani.

"Usiogope, mutoto yangu," nikamwambia. "Tuseme ni mvua."

Nilikuwa nasema na mkubwa. Aliyesikia ni mdogo. Mvua ikinyesha, kutega beseni chini ya bati ilikuwa kazi yake, na hakuwahi kuikosa hata siku moja. Kabla sijageuka alikwisha kuinuka, akabeba beseni, akafungua mlango, akatoka.

Sijui nilifikaje uwani. Nilimkuta ameinama, analizungusha beseni ili upande uliopasuka uelekee ukutani, kama siku zote. Nikamshika mkono. Akapiga kelele, kwa sababu lilikuwa bado halijakaa sawa. Basi mimi, ambaye watu wote wa mtaa wanajua hasira zangu, nilichuchumaa pale, risasi zinalia, nikamsubiri alikalishe sawa. Ndipo nikambeba kumrudisha ndani, nikiulaani ulimi wangu. Neno nililokuwa nimemfundisha kwa miezi lilikaribia kuniulia mtoto.

Kulipotulia kabisa akaniponyoka, akaenda kuangalia maji yake. Nilimfuata nikiwa nimejiandaa kwa kilio, maana ukimwambia kuna kitu, kisha asikikute, mtaa mzima utajua. Beseni lilikuwa na vumbi na jani moja. Alilitazama kwa muda mrefu. Akatoa jani. Akaingia ndani, akarudi na kikombe, kile kile cha chai yangu isiyokuwepo, akakizamisha katika beseni kavu, akaniletea kwa mikono miwili, polepole, asimwage.

"Mama," akasema, "tuseme ni maji."

Nilikipokea. Nilikunywa chote huku machozi yananitoka, nikamwambia asante. Akachungulia ndani ya kikombe kuhakikisha kwamba nimemaliza, kisha akarudi kwenye beseni kumchotea dada yake.